Karamu Isiyowagawa Wakubwa na Wadogo

Mwezi wa Desemba, shule zinapofungwa na makarani wanapopata likizo zao, nyumba nyingi za mashambani katika Kenya hujaa watu. Basi litokalo mjini huwateremsha kando ya njia pamoja na mizigo yao: baba aliyekaa mwaka mzima ofisini, mama na watoto, shangazi na mumewe, na binamu ambao hawajaonana tangu Krismasi iliyopita. Mbuzi huchinjwa, wali hupikwa, na chai humiminwa tena na tena. Kisha mvua huanza kupiga juu ya mabati, jua hutua, na watu ishirini hujikuta ndani ya chumba kimoja.

Hapo ndipo karamu nyingi huvunjika pasipo mtu kutambua. Wanaume hukaa upande mmoja wakizungumza bei ya kahawa na karo ya shule. Wanawake hurudi jikoni. Watoto huambiwa wanyamaze, kisha huambiwa watoke, kisha huitwa ndani tena kwa sababu ya mvua. Bibi mzee ameketi karibu na mlango. Kila aingiaye humwamkia kwa heshima, lakini baada ya salamu hakuna amwambiaye neno. Ifikapo saa tatu ya usiku, watoto wawili wamekwisha pigana, mmoja amelala juu ya gunia, na wanaume watatu wamevaa makoti yao kwenda kutafuta pombe sokoni. Baada ya siku chache basi litapita tena, na jamaa hao hawatakutana mpaka mwaka mwingine.

Hakuna aliyekosa adabu, wala aliyekusudia ubaya. Kilichokosekana ni shughuli ambayo mtu wa miaka saba na mtu wa miaka sabini waweza kuifanya pamoja kwa furaha. Shughuli hiyo ni mchezo. Wazee wa zamani walilijua jambo hili vema, maana jioni walikaa na watoto kando ya moto wakitegeana vitendawili, na hapana aliyesema kwamba mzee amejishusha. Mwenye nyumba wa leo, ambaye hupanga kwa uangalifu nyama, sukari na vitanda vya wageni wake, yafaa apange na michezo pia.

MCHEZO GANI WAFAA?

Si kila mchezo ufaao kwa kazi hii. Bao ni mchezo wa akili nyingi, na watu wa pwani huusifu kwa haki. Lakini mashimo yake 32 na kete zake 64 ni za watu wawili, na wengine wote ni watazamaji. Ludo huchezwa na watu wanne. Karata pia huwatosha wachache, na mara nyingi huvuta fedha mezani. Mchezo wa mbio au wa nguvu humpa ushindi kijana, humwacha nyuma mzee na mtoto. Mashindano ya maswali ya darasani humpa ushindi mwenye cheti, humwaibisha yule ambaye hakupata nafasi ya kusoma.

Mchezo wa karamu una alama tatu. Ya kwanza, kila aliyemo chumbani aweza kuingia. Ya pili, vifaa vyake vimo nyumbani, wala havinunuliwi. Ya tatu, ambayo ndiyo kubwa, hakuna ajuaye mbele nani atashinda. Watu wazima wengi hudhani kwamba njia ya kumfurahisha mtoto ni kushindwa kwa makusudi. Sivyo. Mtoto wa miaka saba hutambua upesi kwamba amepewa ushindi kama apewavyo peremende, na furaha yake hupungua. Dawa yake ni kuchagua mchezo ambao mtoto aweza kumshinda baba yake kwa haki, na ambao bibi asiyejua kusoma aweza kuwashinda wote wawili. Michezo mitano ifuatayo ina alama hizo, nayo imepangwa kwa taratibu ya jioni moja, tangu kabla ya chakula hata wakati wa kulala.

KABLA YA KUANZA

Mwenye nyumba atengeneze nafasi mapema. Meza isogezwe ukutani na mikeka itandikwe. Kama taa ni ya mafuta, iangikwe juu, au iwekwe mahali pasipofikiwa na mkono wa mtoto. Jiko la makaa litolewe nje kabisa. Jambo hili si dogo. Makaa yawakayo ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu walioketi humo huumwa na kichwa na kuona usingizi, wasijue kwamba wamo hatarini, na wengine hawaamki tena. Usiku wa mvua na baridi ndio usiku ambao watu hufunga madirisha na kuliacha jiko ndani. Kama baridi ni kali, watu na wavae makoti. Watu ishirini wachezao hupata joto upesi.

Kisha achaguliwe mwamuzi. Katika kila jamaa yupo kijana wa miaka kumi na minne au kumi na mitano ambaye hataki kuhesabiwa pamoja na watoto, na wakubwa nao hawajamkubali kati yao. Huyo ndiye afaaye. Apewe saa ya mkononi na daftari la kuandikia hesabu, na neno lake liwe la mwisho, hata kama alalamikaye ni baba yake mdogo.

Jambo la tatu ni heshima. Watu wa makabila mengi wana desturi ya kumtenga mkwe na mama mkwe wake. Hawaketi karibu, hawagusani, wala hawataniani. Mwenye nyumba mwangalifu hataanzisha mchezo utakaowasukuma hao wawili kwenye benchi moja. Atamfanya mmoja wao kuwa mwimbishaji, au mwenye kuhesabu, na desturi itahifadhiwa bila mtu kutengwa na furaha. Vilevile asimkabidhi mzee karatasi na penseli mbele ya watu bila kujua kama asoma. Katika mchezo wa kuandika, kila mzee na apewe mtoto wa shule awe karani wake. Mzee hufikiri, mtoto huandika, na kwa kuwa wazee wote wamepangwa hivyo, hapana atakayejua ni nani aliyehitaji msaada.

VITI KABLA YA CHAKULA

Mchezo wa viti wajulikana katika shule nyingi. Viti hupangwa kwa mviringo, pungufu kimoja kuliko hesabu ya wachezaji. Watu huzunguka wakiimba na kupiga makofi. Mwimbishaji akinyamaza ghafula, kila mtu hukimbilia kiti. Asiyepata hutoka, kiti kimoja huondolewa, na mchezo huendelea mpaka abaki mshindi mmoja.

Ukichezwa hivyo, mchezo huu una kasoro mbaya kwa karamu. Wa kwanza kutoka ni watoto wadogo na wazee, yaani wale hasa waliostahili kufurahishwa. Baada ya muda mfupi watu kumi na watano wamesimama ukutani wakiwatazama vijana wawili wakisukumana. Tena mtoto aliyetoka kwanza mara nyingi hulia, na mama yake hulazimika kumtoa nje.

Yafaa kubadili kanuni moja tu: kiti huondolewa, lakini mtu haondolewi. Wimbo unapokoma, kila mtu atafute mahali, na asiye na kiti akaribishwe na mwenye kiti. Watoto hupakatwa, ndugu wawili hukaa nusu nusu juu ya kiti kimoja, na benchi la watu watatu hubeba watano. Kila duru viti hupungua. Hapo watu hawashindani tena wao kwa wao, bali wote pamoja washindana na viti. Swali ni hili: je, jamaa nzima yaweza kukaa juu ya viti vinne? Juu ya vitatu? Mwamuzi huhesabu mpaka kumi kwa sauti, na mguu wa mtu ye yote, mkubwa kwa mdogo, usiguse sakafu. Wasiofaa kuketi karibu kwa ajili ya desturi ndio waimbe. Kama wako wengi, jamaa igawanywe mara mbili, kila upande na viti vyake, ionekane ni upande upi utakaotosha juu ya viti vichache zaidi.

Mchezo huu uwe kabla ya chakula. Kukimbia baada ya kushiba nyama huleta maumivu ya tumbo, na kelele zake zingewaamsha watoto wachanga ambao baadaye watakuwa wamelala.

SINIA LA KUKUMBUKA

Baada ya chakula, watu wakiwa wameketi, mwamuzi alete sinia iliyofunikwa kwa kitambaa. Juu yake amepanga vitu ishirini vya nyumbani bila mtu kumwona: kijiko, sindano, kibiriti, ufunguo, punje ya mahindi, stampu, kifungo cha shati, msumari, kipande cha sabuni, unyoya wa kuku, buni, kipande cha kamba, na vinginevyo vya namna hiyo. Watu wote wakusanyike. Kitambaa kifunuliwe kwa dakika moja kamili, kisha kirudishwe. Sasa kila mtu, au kila mzee na karani wake, aandike vitu alivyoviona. Kila kitu cha kweli ni alama moja, na kila kitu kilichotajwa ambacho hakikuwamo huondoa alama moja.

Mchezo huu una historia yake. Mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling alieleza mchezo wa namna hii katika hadithi yake iitwayo Kim, iliyotolewa mwaka 1901, ambamo kijana afundishwa kutazama vito vilivyo juu ya sinia na kuvikumbuka. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Maskauti, akauingiza katika kitabu chake cha mwaka 1908, ili kuwazoeza vijana kuona vema na kukumbuka. Baden-Powell alimaliza siku zake katika Kenya. Alifariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko huko.

Wengi hushangaa kuona kwamba vitu ishirini tu, vya kila siku, vyawashinda. Sababu yake yajulikana. Mwaka 1956 mtaalamu wa Marekani wa mambo ya akili, George A. Miller, alionyesha kwamba mtu aweza kushika mawazoni kwa mara moja mambo kama saba hivi, lakini akiyafunga pamoja katika mafungu hushika mengi zaidi. Kwa hiyo karani ambaye hujaribu kukariri vitu vyote kimoja kimoja, kama majina ya orodha, hupotea baada ya cha nane. Lakini mwanamke anayetazama na kusema moyoni, “Hivi vinne ni vya jikoni, hivi vitano ni vya shamba, hivi vitatu ni vya mshonaji,” hutaja kumi na tano bila taabu. Naye mtoto mara nyingi hutaja kile ambacho wakubwa wote walikipita kwa macho, kwa mfano kwamba kijiti kimoja cha kibiriti kilikuwa nje ya boksi lake. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Katika duru ya pili karatasi ziwekwe kando. Watu wageuze nyuso zao, mwamuzi aondoe kitu kimoja, kisha aulize ni kipi kilichopotea. Wa kwanza kutaja ndiye apataye alama. Hapa hata mtoto asiyejua kuandika aweza kuwashinda walimu.

MASWALI ISHIRINI

Mtu mmoja atoke nje. Waliobaki wachague kitu cho chote, wakubaliane kwa kunong'ona. Aliyetoka akirudi, ana maswali ishirini ya kukitafuta, na jibu la kila swali ni “Ndiyo” au “Hapana” tu. Mwamuzi amwambie kwanza kama kitu hicho ni cha wanyama, cha mimea, au ni kitu kisicho na uhai. Kila swali aulizwe mtu mwingine kwa zamu, tangu upande wa mlango mpaka uzunguke chumba kizima. Kanuni hii ni ya maana sana, kwa kuwa binamu mwenye haya, ambaye hajasema neno tangu alipofika, naye lazima ajibu, na neno moja halimshindi mtu.

Redio ya BBC ya Uingereza iliutangaza mchezo huu tangu mwaka 1947 hata 1976. Wasikilizaji waliambiwa jibu kwa siri, huku waulizaji studioni hawalijui, na furaha yote ilikuwa katika kusikia watu wenye akili wakipita karibu na jibu bila kuliona. Ndivyo ilivyo nyumbani pia. Watoto ambao wanaijua siri, huku baba yao mwenye cheo akikuna kichwa, hawahitaji zawadi nyingine.

Anayeanza mchezo huu huharibu maswali yake. Kitu ni jembe; naye auliza upesi, “Je, ni kisu? Ni sufuria? Ni kiti?” Maswali matatu yamekwisha, na vitu vitatu tu vimeondolewa. Mwenye busara huuliza swali ambalo hugawa vitu vyote mafungu mawili yaliyo sawa: “Je, hutumiwa nje ya nyumba? Je, ni kizito kuliko debe la maji? Je, kina mpini?” Hesabu yake yafaa kila karani aijue. Swali moja latenganisha vitu viwili, maswali mawili vitu vinne, maswali kumi vitu 1,024, na maswali ishirini vitu 1,048,576. Atakayekata fungu lake katikati kila mara aweza kupata kitu kimoja katika vitu zaidi ya milioni moja. Mtoto akiisha kulitambua jambo hili kwa kucheza, amepata mafunzo ya hesabu na ya kufikiri pasipo kujua kwamba alikuwa darasani.

KINYUME

Watu wakianza kuchoka, ni wakati wa kucheka. Kinyume ni mchezo wa maneno wa Waswahili wa zamani. Edward Steere, ambaye alikuwa Askofu huko Zanzibar tangu 1874 mpaka alipofariki mwaka 1882, aliueleza katika kitabu chake cha lugha ya Kiswahili, ambacho chapa yake ya kwanza ilitoka mwaka 1870. Kanuni ni moja: silabi ya mwisho ya neno huondolewa na kuwekwa mwanzo. Nyumba huwa mbanyu, kitabu huwa bukita, kahawa huwa wakaha, na karani huwa nikara. “Nipe maji” husemwa “Peni jima”.

Mwamuzi aanze na neno moja moja, na wa kwanza kuligeuza sawasawa apate alama. Kisha aseme maneno mawili, halafu matatu. Mwisho aulize swali kwa Kinyume, na jibu lazima liwe kwa Kinyume pia. Elimu ya shule haisaidii sana hapa. Kinachotakiwa ni sikio jepesi, na watoto wanalo. Karani ambaye huandika barua ndefu pasipo kosa aweza kukwama katika neno la silabi nne, huku binti yake wa darasa la tatu akimngoja kwa huruma.

Kuna jambo la kupendeza ambalo watoto hulivumbua wenyewe. Baba akigeuzwa hubaki baba. Mama hubaki mama. Dada, kaka na bibi hawabadiliki. Lakini babu hugeuka kuwa buba, mjomba huwa mbamjo, na shangazi huwa zishanga. Jina lo lote litakalopatikana usiku huo lazima litadumu katika jamaa hiyo kwa miaka mingi, kwa hiyo mwamuzi azuie majina yatakayomvunjia mzee heshima. Tena kama yumo mtu mwenye kigugumizi, asishurutishwe. Na awe yeye atoaye maneno, ayafikiri polepole na kuyaandika, mwamuzi ayasome.

VITENDAWILI VYA MWISHO

Sasa watoto wadogo wameanza kusinzia. Taa yaweza kupunguzwa, na kiti cha bibi kitolewe mlangoni, kiwekwe katikati. Mchezo wa mwisho ni wake.

Kanuni za Waswahili zajulikana. Mmoja husema, “Kitendawili!” Wengine hujibu, “Tega!” Naye hutega: “Nyumba yangu haina mlango.” Atakayesema “yai” amekitegua. Lakini wote wakishindwa, mtegaji hasemi jibu bure. Husema, “Nipeni mji.” Hapo watu humtolea mji, tuseme Nakuru. Aweza kuukataa na kutaka mkubwa zaidi, mpaka apewe Mombasa. Akiisha kuridhika hujisifu kidogo juu ya mambo aliyoyafanya katika mji wake, ndipo hufumbua jibu. Mwamuzi aandike miji ya kila mtu. Katika mchezo huu alama ni miji, na mwisho wa usiku huonekana kwamba bibi ambaye hajasafiri mbali na soko lake anamiliki nusu ya Kenya.

Makabila mengine yana taratibu zao. Mgikuyu huanza, “Gwata ndaĩ,” na wengine wana maneno yao ya kuitikia. Yafaa bibi atege kwa lugha yake mwenyewe, na mtoto aliyelelewa nyumbani aifasiri kwa wale waliokulia mjini. Mtoto wa mjini, ambaye mchana kutwa aliwaonyesha binamu zake viatu vipya na maneno ya Kiingereza, sasa ndiye anayengoja kuelezwa. Hapo huanza kuitamani lugha ya bibi yake, kwa kuwa wengine wanacheka kabla yake. Maonyo ya baba juu ya kusahau lugha ya nyumbani, hata yakiwa mengi, hayana nguvu kama kicheko hicho ambacho mtoto amekikosa.

Wala vitendawili visiwe vya zamani peke yake. Watoto watakiwe kutunga vipya, juu ya vitu vya siku hizi, wamjaribu mzee navyo. “Askari wangu wote wamevaa kofia nyekundu, na ajikunaye kichwa huungua”: vijiti vya kibiriti. “Mnyama wangu humeza watu asubuhi, akawatapika jioni wakiwa wazima”: basi. “Nampiga kichwani, naye huacha jina la ofisi”: muhuri. Bibi atashindwa na vingine, naye itambidi atoe mji. Ni haki. Yeye na wajukuu wake sasa wanapokonyana miji kama watu wanaofahamiana.

ZAWADI NA ADHABU

Fedha zisionekane katika michezo hii, hata senti moja. Shilingi ikiwekwa mezani, wakubwa huanza kucheza kwa bidii mbaya, na watoto huanza kujifunza kamari. Zawadi na iwe konzi ya karanga, ndizi mbivu, au kipande cha kwanza cha keki. Mshindi wa usiku mzima apewe heshima ya kuchagua wimbo wa mwisho.

Adhabu ya ashindwaye iwe nyepesi na ya kuchekesha: kuimba ubeti mmoja, kuhesabu kutoka ishirini kurudi nyuma bila kusita, au kuwapelekea wazee chai. Adhabu ya kutambaa sakafuni, ya kuigiza kilema cha mtu, au ya kumfanya mtu mzima aonekane mjinga mbele ya watoto wake, haifai kamwe. Mtu aliyeaibishwa katika karamu huenda akasahau chakula kizuri alichokula, lakini aibu haisahau. Tena mchezo usirefushwe mpaka watu wauchoke. Kila mmoja ukomeshwe wakati watu wangali wakitaka duru moja zaidi, ili kesho yake wauombe wenyewe.

Gharama ya jioni kama hiyo ni karatasi chache, penseli tatu na karanga. Wale wanaume watatu huenda wakasahau kwenda sokoni. Na hata kama watakwenda, watachelewa, maana zamu yao ya kutafuta kitu cha siri haijafika. Watoto hulala bila kupigana, wamechoka kwa kucheka. Na siku ya kuondoka, basi linapopiga honi njiani, huonekana mtoto wa mjini akiwa na mguu mmoja ndani ya gari, bado akimsihi bibi yake amwambie jibu la kitendawili kimoja ambacho hakuna aliyekiweza. Bibi hutikisa kichwa. Amekwisha pewa Nairobi, naye hataki. Anataka mji mkubwa zaidi, na atautaja Krismasi ijayo.